Muulize Ami: Pesa imetoka Jambiani, mjini haikufika

Asalaam alaykum Ami, na shikamoo.

Mie ni msichana wa miaka 26, nakaa Jambiani. Kazi yangu ni kukata na kuunganisha video za watalii wanaokuja kucheza kaiti huku pwani ya mashariki. Mteja wangu mkubwa ni Mjerumani mwenye skuli ya kaiti. Zamani alikuwa akinilipa kwa benki, pesa inachukua siku tele na kila inapopita inamegwa. Sasa mwaka unakaribia ananilipa kwa USDT, zile sarafu za kripto zinazokwenda sawa na dola. Zinaingia kwenye akaunti yangu katika soko moja la kripto, mie nauza kidogo kidogo, maisha yanakwenda.

Mwezi uliopita binamu yangu aliyeko mjini akanambia kuna soko jengine, wanunuzi wake wengi na bei nzuri. Nikafungua akaunti huko. Nikaingia sehemu ya kuweka, nikachagua USDT, ikaniletea anwani ndefu inayoanza na 0x. Nikainakili, sikutazama kingine.

Nikarudi kule kwenye soko la kwanza, nikabonyeza kutoa, nikabandika ile anwani. Likaniambia nichague mtandao. Ami, hapo ndipo nilipozama. Mie akili yangu yote ilikuwa kwenye mtandao wa simu, kama vile tunavyochagua tunapotuma pesa kwa mtu wa laini nyengine. Naona majina siyajui: ERC20, TRC20, BEP20, na kila moja lina ada yake pembeni. Nikamtumia binamu ujumbe wa sauti. Akanijibu, "Chukua wenye ada ndogo, yote inafika." Siku hiyo wenye ada ndogo ulikuwa BEP20. Nikabonyeza. USDT 180.

Ilikuwa Ijumaa, watu ndiyo kwanza wanatoka msikitini. Mpaka magharibi soko la kwanza linasema muamala umekamilika, la pili halina hata senti. Usiku nikarudi kuutazama ule ukurasa wa kuweka, nikaona juu kabisa, kwa herufi ndogo: ERC20.

Nikauliza kwenye kundi moja la Telegram. Dakika tano hazijapita, mtu kanifuata pembeni, picha yake suti na nembo ya soko, ati yeye ni wa huduma kwa wateja. Akataka maneno 12 ya siri. Nikamwambia sina maneno 12 mie, nina neno la siri na namba zinazokuja kwenye simu. Akasema hapana neno, nifungue pochi mpya yeye ataniongoza, kisha nitie humo USDT 30 "za kufungulia mlango". Sijatuma, lakini nimekaribia.

Kaka yangu anasema hiyo ndiyo faida ya pesa isiyoshikika. Mama hajui kitu, anakwenda zake kwenye mwani. Ndani ya zile 180, mia moja ilikuwa ya upatu, na wiki ijayo natakiwa nitoe. Tena Mjerumani ameshatuma nyengine 240, zipo kwenye soko la kwanza, na mie nikishika simu mkono unatetemeka.

Ami, zile 180 zimekwenda wapi? Yule mtu nimpe hizo 30? Na hizi 240 nichague mtandao upi?

Mwenye Kutetemeka, Jambiani

Wa alaykum salaam mwanangu, marahaba.

Nitaanza na swali lako la kati kwa sababu ndilo lenye haraka. Usimpe. Mzuie sasa hivi, kabla hujaendelea kusoma. Wee mwenyewe umeshamkamata bila kujijua pale ulipomwambia huna maneno 12. Maneno 12, au 24, ni ufunguo wa pochi anayoimiliki mtu mwenyewe. Akaunti ya soko haina maneno hayo, na mfanyakazi wa soko analijua hilo kuliko mie na wewe. Sasa mtu anayejiita mfanyakazi wa soko akiomba kitu ambacho soko halina, huyo anatafuta nini? Ile pochi mpya atakayokuongoza kuifungua, maneno yake atayaona yeye. Hizo 30 ukishazitia tu, zimeondoka, na kesho atakuja na mlango mwengine wa kufungua. Watu hawa hukaa kwenye makundi kama kunguru wa Darajani, wanangoja mtu aseme "nimepoteza".

Sasa zile 180. Hazijapotea kwa maana ya kuyeyuka. Zipo mahali, na mahali penyewe panaonekana.

Neno "mtandao" ndilo lililokutia mtegoni, na hukuwa wa kwanza. Kwetu mtandao ni laini ya simu, na kwenye pesa za simu tumezoea kudekezwa: unatuma kutoka laini hii kwenda laini ile, kabla ya kuthibitisha linakutokea jina la mtu, na ukikosea unapiga simu huduma kwa wateja wakakusaidia. Huku kwenye kripto jina halitokei, na hapana aliyekaa katikati wa kuirudisha pesa ikishathibitishwa. Mtandao unaoulizwa hapa ni blokcheni, yaani daftari ambalo muamala wako utaandikwa. Ethereum, ndiyo ile ERC20, ni daftari moja, lipo tangu 2015. Tron, ndiyo TRC20, ni jengine. BNB Smart Chain, ndiyo BEP20 yako, lililoanza 2020, ni jengine. Daftari hili halisomi daftari lile.

USDT nayo si kitu kimoja kinachotembea kila mahali. Kampuni ya Tether iliitoa mwanzo 2014 juu ya Bitcoin, na leo ipo Ethereum, Tron, Solana na kwengineko, kila mahali ikiwa tokeni mbali, yaani sarafu iliyoandikwa juu ya daftari la mwengine, yenye hesabu yake. Hiyo uliyotuma wewe kwa BEP20, tukitaka kusema kweli yote, wala haitolewi na Tether wenyewe. Ni tokeni iliyofungamanishwa nayo na Binance, soko kubwa la kripto. Jina kwenye simu ni lile lile, ndiyo maana jicho linadanganyika.

Nikupe mfano wa huku kwetu. Una furushi la nguo za sikukuu, unamtumia shangazi yako Pemba. Shangazi amekwambia anangoja bandarini Wete. Wewe umefika Malindi, umeona chombo cha Mkoani nauli yake nafuu, ukatia furushi humo. Chombo kimefika salama, mzigo umeshushwa, karani kaandika "umefika". Hajasema uwongo. Lakini shangazi yako amesimama Wete, kaskazini, na furushi lipo Mkoani, kusini. Ndivyo soko lako la kwanza linavyokwambia muamala umekamilika, na soko la pili linavyokwambia halijaona kitu. Wote wawili wakweli.

Hapo utaniuliza, kwani simu si ingekataa? Ungekuwa umechagua TRC20, ingekataa. Anwani za Tron zinaanza na T na zina herufi 34, na programu nyingi zikiona 0x kwenye nafasi ya Tron zinagoma pale pale. Hatari ipo kwa ndugu wa 0x. BNB Smart Chain ilijengwa kwa kufuata programu za Ethereum, kwa hiyo anwani zake zinafanana nazo kwa kila kitu: 0x na herufi na tarakimu 40 nyuma yake. Polygon vivyo hivyo, Arbitrum vivyo hivyo, Base vivyo hivyo. Ufunguo mmoja unazaa anwani ile ile kwenye madaftari yote hayo. Ni kama mtu mwenye ghala Wete na ghala Mkoani, milango yote miwili inafunguka kwa ufunguo mmoja. Simu imeona anwani imekaa sawa, ikaruhusu.

Na humu ndimo lilimo tumaini lako. Mzigo umo kwenye ghala, na ufunguo upo. Suala ni nani anao.

Ungekuwa umejitumia kwenye pochi yako mwenyewe, MetaMask au Trust Wallet kwa mfano, ningekwambia ufungue pochi, ubadilishe mtandao uweke BNB Smart Chain, utaziona 180 zako zimekaa. Ungetafuta BNB kidogo, sarafu ya daftari hilo, ya kulipia gesi, yaani ada ya kuandikiwa muamala, ukazihamisha, mchezo umekwisha. Lakini wewe umetuma kwenye anwani ya soko. Ufunguo anao soko la pili. Kwa hiyo wa kumlilia ni huyo, si yule wa kwanza. Wengi wanapoteza wiki nzima kugombana na soko lililotuma, na lile limeshamaliza kazi yake.

Fanya hivi leo. Nenda kwenye historia ya soko la kwanza, ufungue ule muamala, utakuta namba ndefu ya muamala, wenyewe huiandika TXID au heshi. Inakili. Fungua BscScan, ambayo ndiyo dirisha la kutazamia daftari la BNB Smart Chain, uibandike. Usiende Etherscan, hiyo ni ya Ethereum na huko hutaona kitu, utapandwa na homa bure. Ukiona muamala umefaulu, na anwani iliyopokea ni ile ile uliyopewa, piga picha ya skrini.

Kisha ingia soko la pili kwa kupitia programu yao yenyewe, si kwa kiungo alichokupa mtu, utafute sehemu ya msaada. Masoko mengi makubwa yana fomu maalumu ya pesa iliyowekwa ikawa haikuingia. Waandikie kwa ufupi: nimetuma USDT 180 kwa mtandao wa BNB Smart Chain kwenye anwani yangu ya Ethereum, namba ya muamala hii, tarehe na saa hii. Ambatisha picha. Usiwaeleze habari za mama na mwani, hawatazisoma.

Sasa nisikupe matumaini ya bei rahisi. Wanaweza kukurudishia, na mara nyingi kwa makosa ya jamii hii ya 0x hurudisha, lakini hawalazimiki. Inabidi mtu wao achukue ufunguo wa anwani ile, asaini muamala kwenye daftari ambalo kwa kawaida hawalitumii kwa tokeni hiyo, na alipe gesi ya BNB. Ndiyo maana wengine hutoza ada, wengine huweka kiwango ambacho chini yake hawajisumbui, na wengine huchukua wiki kadhaa. Lipo na gumu zaidi: baadhi ya masoko, anwani wanayokupa haina ufunguo wa kawaida nyuma yake, ni programu ndogo iliyopandwa Ethereum peke yake, na kule BNB haipo. Hapo kazi ni nzito, pengine haiwezekani. Huwezi kulijua hilo mpaka wakujibu. Na ada yao ikiwepo, huikata humo humo kwenye pesa inayorudi au kwenye akaunti yako kwao. Ukiambiwa utume ada kwenye anwani fulani, jua umerudi kwa yule wa suti.

Mie mwenyewe nimeshakaa kwenye benchi hilo. Mwaka 2021 nilituma XRP, sarafu nyengine ya kripto, kwenda soko moja nisilolitaja, anwani sawa, mtandao sawa, nikasahau ile namba ya nyongeza, tagi. Siku kumi na tisa. Nilikuwa nikiamka alfajiri naangalia simu kabla ya kutawadha, Mungu anisamehe. Zilirudi, zimekatwa kidogo. Nakwambia hili kwa sababu soko zima linatumia anwani moja ya XRP kwa wateja wake wote, na tagi ndiyo inayosema hii ni ya fulani. Sarafu ya XLM nayo ina nyongeza kama hiyo, wanaiita memo, na TON pia. Siku ukurasa wa kuweka utakapokuonesha vitu viwili badala ya kimoja, nakili vyote viwili.

Tuje kwenye 240.

Hukuniuliza mtandao upi ni mzuri, umeniuliza uchague upi, na maswali hayo si mamoja. Mtandao hauchagui wewe unayetuma. Anauchagua anayepokea. Binamu yako alikwambia kweli nusu: ada ndogo ni jambo la maana, lakini ni la pili. La kwanza ni shangazi amesimama bandari gani.

Kwa hiyo safari inaanzia mwisho. Usifungue soko la kwanza kabisa. Fungua soko la pili, ingia kuweka, chagua USDT, na kabla ya kugusa anwani tazama orodha ya mitandao wanayokubali. Iandike kwenye karatasi, ndiyo, karatasi. Halafu fungua soko la kwanza, sehemu ya kutoa, utazame wao wanatuma kwa mitandao ipi. Itakayoonekana kwenye orodha zote mbili ndiyo unayo ruhusa nayo. Mengine yote yafute akilini hata kama ada yake ni sifuri.

Ndani ya hiyo iliyobaki, sasa chagua kwa ada. Ada ya kutoa kwenye masoko haya kwa kawaida ni kiasi kilichopangwa, haitazami unatuma 20 au 2,000. Tuseme mtandao mmoja wanatoza USDT 1 na mwengine 5. Kwa 240 zako, moja ni chini ya nusu ya asilimia, tano ni zaidi ya asilimia mbili, na hiyo ni sahani ya pweza Forodhani. Kwa kiasi kama chako, Tron ndiyo watu wengi wanayoitumia, kwa kuwa masoko mengi yanaikubali na anwani yake ya T haichanganyiki na ya 0x. Hilo la pili kwangu lina uzito kuliko ada. Mtu ambaye mkono unamtetemeka apewe kisu kisichokata pande mbili. Lakini tazama ada ya siku hiyo, zinabadilika.

Angalia na majina, maana mtandao mmoja huitwa majina matatu. BEP20, BSC na BNB Smart Chain ni kitu kimoja, kama Kwerekwe na Mwanakwerekwe. ERC20 ni Ethereum. TRC20 ni Tron. Lakini BEP2 si BEP20: lile lilikuwa daftari la zamani la Binance, limefungwa 2024, na ukilikuta jina hilo kwenye maelezo ya zamani lipite. Polygon nayo sarafu yake ilikuwa MATIC, tangu Septemba 2024 ni POL. Ukiona jina hulijui, usikisie. Uliza msaada wa soko lenyewe.

Ukishachagua, rudi soko la pili, chagua mtandao huo huo pale kwenye kuweka, ndipo unakili anwani. Kila mtandao na anwani yake, usitumie ile ya jana. Wala usiichukue kwenye historia ya miamala: wapo wezi wanaokutumia visenti kutoka anwani iliyofanana na yako mwanzo na mwisho, wakijua watu hutazama herufi nne za mbele na nne za nyuma. Ukishabandika, linganisha na za katikati.

Kisha usitume 240. Tuma 10, au kiwango cha chini wanachoruhusu, lakini kwanza hakikisha hakipo chini ya kiwango cha chini cha kuweka cha upande wa pili, la sivyo jaribio lenyewe litakwama. Ngoja. Kunywa chai. Ikiingia, tuma zilizobaki kwa anwani ile ile na mtandao ule ule. Ndiyo, utalipa ada mara mbili. Kwa mfano wetu ni USDT 2 kati ya 240. Umeshalipia somo hili 180, hizo mbili usizionee uchungu.

Lakini ngoja, kuna kitu kwenye barua yako kilinisumbua toka mwanzo. Unavuka kwenda soko la pili kutafuta nini? Bei nzuri. Bei nzuri ya kiasi gani? Fanya hesabu: tofauti ya bei kwa 240, utoe ada ya kuhamisha. Kama inayobaki haifiki nauli ya daladala ya kwenda mjini na kurudi, uza hapo hapo ulipo. Na kama kweli soko la pili ni bora, basi mwambie Mjerumani atume huko moja kwa moja, ada ya safari ni yake. Mwandikie ujumbe mmoja wenye vitu vitatu pamoja: sarafu, mtandao, anwani. Ukimpa anwani peke yake, umemwachia yeye kuchagua bandari, na yeye naye pengine ana binamu.

Ukiwauzia watu sarafu wakulipe shilingi, usiziachie kwa kuona meseji ya muamala. Meseji zinaghushiwa. Fungua salio lako mwenyewe uone.

Kaka yako nisimlaumu sana. Benki Kuu ya Tanzania ilitoa tangazo Novemba 2019 kwamba sarafu hizi si fedha halali nchini, na ingawa Rais Samia Juni 2021 aliitaka Benki Kuu ijiandae nazo, mpaka leo hapana dirisha la benki utakalokwenda kulalamika ukikosea mtandao. Serikali imezitazama kwa upande wa kodi: Sheria ya Fedha ya 2024 iliweka kodi ya zuio ya asilimia 3 kwenye malipo ya kuhamisha mali za kidijitali. Kwa hiyo weka kumbukumbu za malipo ya Mjerumani, kila moja na tarehe yake. Zitakufaa kwa kodi, na zitakufaa hata kwenye fomu ya soko la pili wakiuliza pesa imetoka wapi.

Limebaki la upatu. Usingoje zile 180 zirudi ndipo ulipe, maana hujui ni wiki ngapi. Katika hizi 240, uza mia moja leo hii huko huko soko la kwanza, kwa bei yoyote iliyopo, upeleke kwa kijumbe kabla ya siku yake. Hizo hazina haja ya kuvuka bahari yoyote. Za jaribio na zilizobaki utazihamisha Jumamosi, ukiwa umetulia, mama yupo kwenye mwani na binamu simu yake imezimwa.